Nimeona, au Nimeonyeshwa?



Makala haya nisingeyaandika kama siku ile ya tarehe 29 Shaaban ningelijibu swali moja kama lilivyoulizwa. Tulikuwa kando ya Ziwa Tanganyika, watu kama kumi na tano hivi: wazee wa Buyenzi, vijana wa madrasa, na sisi wanafunzi wanne tulioteremka kutoka Mutanga kwa miguu kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani na mabasi yalikuwa machache. Anayeijua Bujumbura anajua kwamba kuutafuta mwezi mwandamo hapa kwetu si kazi nyepesi. Upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa, imesimama milima ya Uvira. Sisi hatuna upeo wa maji matupu kama alio nao mtu wa Unguja Mjini anapotazama baharini jioni. Mwezi wetu huzamishwa na milima ya Kongo dakika kadhaa kabla ya saa yake. Na ulikuwa msimu wa masika, mawingu yamekaa juu ya vilele kama kilemba.

Begani nilikuwa na kamera mbili. Ya kwanza ni rifleksi ya zamani aliyoniachia kaka yangu alipokwenda Oman kutafuta riziki. Ya pili ni ya studio ninayoifanyia kazi ya harusi mwisho wa juma ili nilipe pango la chumba, nayo ni ya hizi mpya zisizo na kioo ndani. Jua lilipozama nikaifunga lenzi ndefu kwenye ile mpya, nikaielekeza kwenye upenyo mmoja wa mawingu, nikaweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia. Mle ndani nikaona uzi mweupe. Mwembamba sana, umelala kama mtumbwi, pembe zake zikitazama juu, kama ulivyo mwezi mchanga wa huku kwetu karibu na ikweta.

Nikapaza sauti: "Nimeuona!"

Maalim wetu, mzee aliyetusomesha wengi wetu juzuu za mwanzo, akaja taratibu.

"Umeuona wapi, mwanangu?"

"Pale, Maalim. Juu ya kile kilele kilichokatika, chini ya wingu."

Akatazama. Wakatazama wote. Hakuna aliyeona kitu.

"Iweke chini hiyo kamera. Tazama pale pale."

Nikatazama. Niliiona anga, niliona wingu, niliona mahali ambapo mwezi ulipaswa kuwa. Nikainua kamera tena: uzi ule upo, unatetemeka kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

"Nakuuliza mara moja tu," Maalim akasema, "nawe ujue kuna watu wataweka nia ya kufunga usiku huu kwa neno lako. Umeuona mwezi?"

"Nimeuona, Maalim."

Akaninyamazia kidogo. Kisha akauliza, si kwa ukali: "Wewe, au kamera?"

Nikaivua lenzi upesi, nikatoa kile kiunganishi chake, nikaifunga kwenye rifleksi ya kaka. Mpaka nimemaliza, upenyo ulikuwa umezibwa. Maalim hakuandika kitu. Tukaswali magharibi pale pale mchangani, tukarudi mjini, na usiku likaja tangazo la wenye dhamana nasi tukalifuata. Tangazo lilisemaje si muhimu hapa. Swali la Maalim ndilo nililorudi nalo nyumbani, na mpaka leo sijalimaliza. Naomba tulitazame pamoja, maana naamini si langu peke yangu.

Kwanza nieleze vyombo vyenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kuvifungua.

Katika rifleksi, mwanga hupita kwenye lenzi, hugonga kioo kidogo kilichoegemezwa kwa nyuzi 45, hupanda juu kwenye prizma, kisha hutoka kwenye kitundu na kuingia katika jicho lako. Hakuna umeme unaohusika hapo. Hata ukitoa betri bado utaona. Ndiyo maana wapiga picha wa mji huu, ambao umeme unaweza kukatika usiku mzima, wanazipenda. Kwa vipimo vya kiwandani, rifleksi ya Nikon D750 hupiga picha 1230 kwa betri moja. Nikon Z6, isiyo na kioo, ukiitazama kupitia kitundu chake hupiga kiasi cha 310. Tofauti inaeleweka: moja inakupa njia ya kutazama bure, nyingine inalipa umeme kwa kila sekunde unayotazama, kwa kuwa ndani yake huna unachokiona ila skrini ndogo. Mwanga unaishia kwenye sensa. Sensa huugeuza kuwa namba, prosesa huzifanyia hesabu, na skrini huwasha nukta za rangi kufuatana na hesabu hizo. Jicho lako hupokea mwanga wa skrini. Mwanga uliotoka kwenye kile unachokitazama haukulifikia kabisa.

Rifleksi ina umri. Kine Exakta ilitoka Dresden mwaka 1936, Nikon F ikaja mwaka 1959, na kwa miongo mingi mpiga picha wa kazi alikuwa mtu wa rifleksi. Mwaka 2008 Panasonic wakaleta G1, na mwaka 2018 Nikon na Canon wenyewe wakaingia kwenye kamera kubwa zisizo na kioo. Tangu hapo viwanda vingi vimehamia huko. Pentax ndio waliobaki na msimamo wa kioo. Wenzetu wa Ulaya wanauza rifleksi zao, nasi tunazinunua za mkono wa pili na kushukuru.

Wapiga picha hubishana juu ya haya kama watu wanaobishana juu ya pikipiki: ipi nyepesi, ipi ya haraka. Sina neno na mabishano hayo. Ile mpya ni bora kwa kazi, nakiri. Inakuonyesha kabla hujabonyeza kama picha itakuwa nyeusi mno au nyeupe mno. Ninachouliza ni kitu kingine: nikiwa na ile ya zamani nilikuwa naona, je, nikiwa na hii mpya naona nini?

Lugha yetu hainisaidii sana. Kwa Kiswahili kioo cha dirishani ni kioo, na kioo cha kujitazamia nacho ni kioo. Neno moja. Mafakihi hawakuyachanganya. Wako wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi waliotenganisha, katika masuala ya uharamu wa ndoa unaotokana na mtazamo, baina ya anayetazama kwa kupitia kioo cha dirisha na anayetazama kilichomo katika kioo cha kujitazamia au majini. Wa kwanza, wakasema, amekiona kitu chenyewe. Wa pili ameona mfano wake. Nasi tulio Mashafii, kama walivyo Waislamu wengi wa Burundi na wa pwani, tunaye Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria. Katika Tuhfa, sherehe yake ya Minhaj ya Imam Nawawi, anapotaja kuonekana kwa mwezi anaweka sharti kwamba kusiwe kwa kupitia kitu kama kioo. Aliandika hayo miongo kadhaa kabla Galileo hajaielekeza darubini yake mwezini. Nilipoonyeshwa ibara hiyo na ndugu mmoja wa halaqa yetu, niliona kana kwamba Maalim na Ibn Hajar walikuwa wamekaa pamoja kunisubiri ufukweni.

Hata hivyo tusiende mbio. Kwa sharti hilo likichukuliwa kwa ukali wake, hata rifleksi ya kaka ingekataliwa, maana ndani yake mna kioo. Na wanavyuoni wengi wa zama zetu hawakubaki hapo. Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia, kwa mfano, lilikwisha kutoa uamuzi mwaka 1403 Hijria wa kuruhusu vyombo vya kukuza mwezi, kwa kuwa darubini haiumbi mwezi, inausogeza tu. Naukubali uamuzi huo, na sababu yake nitairudia.

Kuna pia habari ya Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920. Alipoulizwa juu ya picha za kamera, kama zimo katika kuchora kulikokatazwa, aliandika risala akasema hazimo: mpiga picha haumbi sura, anakifunga kivuli tu kwa njia inayojulikana, na kivuli hicho ni kama kile kinachoonekana katika kioo. Wengine walimpinga, na mpaka leo hoja haijaisha. Lakini angalia fatwa hiyo ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya kioo. Picha ilihalalishwa kwa sababu mpiga picha hana mkono ndani yake. Sasa kioo kimeondolewa, na hesabu imeingia mahali pake. Sisemi kwamba picha imekuwa haramu. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na kazi yangu ya kila Jumamosi mnaijua. Nasema tu kwamba anayetaka kuitumia hoja ya Sheikh Bakhit leo atazame kwanza kama kile alichokitaja bado kimo ndani ya chombo.

Hapa ni lazima niseme jambo ninaloona haya kulisema.

Katika harusi zetu za Buyenzi mpiga picha mwanamume huitwa mara nyingi mpaka upande wa wanawake, dakika chache tu, wapigwe bibi harusi na mashoga zake. Nimeingia huko mara nyingi kuliko inavyopasa. Kila mara ile aya inayowaamrisha waumini wainamishe macho yao ilikuwa ikinipitia kichwani. Na nilikuwa na jibu tayari. Nilijiambia: mimi siwatazami, mimi natazama skrini. Jibu hili nilipewa na mwenzangu wa kazi, tukalicheka, kisha nikaanza kuliamini. Nilikuwa hata na fikihi yake, maana ile tofauti ya dirisha na kioo cha kujitazamia, ukiigeuza kidogo, inakupa ulichokuwa unakitaka.

Basi tazama nilivyosimama pale ziwani. Jumamosi, kwenye ukumbi wa harusi, kilichomo kwenye kitundu hakikuwa kuona. Siku nyingine, ufukweni, kilichomo kwenye kitundu kile kile kilikuwa kuona kiasi cha kuwafungisha watu. Kamera haikubadilika. Nilibadilika mimi, kufuatana na nilichokuwa nakitaka siku hiyo. Ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kusoma kidogo cha dini akakitumia kama lenzi ya kuvuta karibu au kupeleka mbali, kwa haja yake.

Nimejaribu kulifungua fundo hili kwa uaminifu, na nadhani linafunguka, ingawa si kwa namna niliyoipenda. Hukumu ya kuinamisha macho sababu yake ni moyo: kile kinachoingia na kile kinachofanya baada ya kuingia. Kwa hilo skrini inatosha. Nani asiyejua, katika zama hizi za simu, kwamba nukta za rangi zinatosha kumharibu mtu? Hukumu ya ushahidi sababu yake ni nyingine: kwamba mwenye kusema ajifunge na alichokisema. Shahidi, kushuhudia, shahada, yote yana shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuhudhuria, kuwapo. Basi kilicho skrini kinaweza kabisa kuwa kuona kwa upande wa dhambi, na kisiwe kuona kwa upande wa kiapo. Nilikuwa nimevigeuza. Nimeacha kuingia upande wa wanawake. Studio imepata dada mmoja mwenye jicho zuri kuliko langu, na malipo yangu yamepungua. Hilo tuliache.

Rafiki yangu wa uhandisi, mmoja wa wale wanne, hakuridhika. Alinijia na hoja tatu, na sitamdhulumu, maana mbili kati yake zilinikaa sana.

Alisema kwanza: unalalamika kwamba skrini inachelewa, inakuonyesha kilichopita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini mwezi uko mbali kiasi cha kilomita 384,000, na mwanga wake huchukua zaidi ya sekunde moja kufika hapa. Maalim naye, kwa macho yake, anauona mwezi wa sekunde iliyopita. Hoja hii ni kweli tupu. Nikaacha kusema juu ya kuchelewa.

Akasema tena: hiyo rifleksi unayoisifu kwa ukweli ina saa moja ya upofu, na saa hiyo ndiyo yenyewe. Unapobonyeza, kioo huruka juu ili mwanga ufike nyuma, na kitundu huwa giza. Kwa hiyo mpiga picha wa rifleksi ameona kabla na ameona baada, lakini ile nukta iliyomo katika picha hakuiona kamwe. Umewahi kuishuhudia picha yako hata moja? Hapa nilinyamaza. Miaka yote niliyopiga picha kwa kamera ya kaka, kila picha niliyoitia saini ni ya dakika ambayo jicho langu lilikuwa gizani.

Ya tatu ndiyo kubwa. Akasema jicho lenyewe ni kamera isiyo na kioo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Misri karne kumi zilizopita, ndiye aliyethibitisha kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia machoni, na kwamba macho hayatoi miale. Lakini katika kitabu hicho hicho cha Manazir alieleza pia kwamba mengi tunayodhani tumeyaona kwa jicho tumeyakamilisha kwa kukisia, kulinganisha na kukumbuka, upesi hata hatujui kwamba tumekisia. Na katika risala yake juu ya sura ya kupatwa kwa jua aliuliza kwa nini jua lililopatwa, likipita kwenye tundu dogo, huchora hilali ukutani, hali mwezi mchanga wenyewe haufanyi hivyo. Mtu wa namna hiyo, akasema rafiki yangu, asingeogopa skrini. Angeuliza tu inafanyaje kazi.

Nikamjibu kwa kisa kinachosimuliwa katika vitabu vya tarikh. Anas bin Malik, radhi za Allah zimshukie, akiwa mzee wa umri wa karibu miaka mia, alikuwa na watu wakiutafuta mwezi. Akasema ameuona, akawa anaashiria. Wengine hawaoni kitu. Iyas bin Muawiya, aliyesifika kwa ukadhi wake huko Basra, akamtazama usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho. Akaupangusa, akaulainisha na nyusi, kisha akamwomba atazame tena. Anas akasema haoni kitu.

Kisa hiki nilikisikia utotoni kama kichekesho cha akili za Iyas. Sasa nakisoma vingine. Hakuna aliyemwambia sahaba wa Mtume (S.A.W.) kwamba amesema uongo, wala hakusema. Jicho lilikuwa zima, nia ilikuwa njema, na mwezi haukuwapo. Kwa hiyo rafiki yangu amesema kweli: jicho nalo huongezewa. Lakini jicho la Anas lilikuwa na mwenyewe. Aliweza kuombwa atazame tena, akatazama, akarudi katika kauli yake mbele ya watu. Hicho ndicho alichokuwa anakifanya Maalim aliponiambia niweke kamera chini. Alikuwa anaupangusa unywele.

Na unywele wa siku hizi si mweupe wala haujikunji. Mwezi Machi mwaka 2023, siku chache kabla ya Ramadhani, ulizuka mjadala mkubwa juu ya simu za Samsung. Mtu mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaififisha mpaka mabonde yake yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akaipiga kwa simu kutoka mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba programu yake huutambua mwezi na kuuboresha kwa akili bandia. Nadhani hawakukusudia kumdanganya mtu. Walitaka wateja wapate picha nzuri. Lakini hapo ndipo nilipoielewa vizuri ile sababu ya kuruhusiwa darubini. Darubini haijui mwezi ni nini. Kioo cha rifleksi hakijui. Kikipotosha, kinapotosha kwa ujinga, nyota na taa ya mvuvi kwa namna moja, na mtu mwenye akili anaweza kukifahamu kilivyopinda. Chombo kinachojua mwezi unavyopaswa kufanana kimeshaingia katika kundi la mashahidi, tena shahidi asiye na umri, asiye na dini, asiyeweza kuapishwa. Kamera ya studio haikuwa na ujuzi wa namna hiyo, najua. Ila ilikuwa inang'arisha, inasafisha chembechembe, inakoleza kingo za vitu, yote kwa maamuzi yaliyofanywa na watu nisiowajua, katika ofisi nisiyoijua, kabla mimi sijainua mkono.

Hata chombo kikiwa mkweli kabisa, swali linabaki. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana, katika dakika ile ile ya kukutana kwake na jua, ukiwa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua. Wataalamu wa falaki, tangu Danjon, huweka mpaka wa kuonekana kwa jicho karibu na nyuzi 7. Ramadhani ya mwaka ule ilianza, kwa nchi mbalimbali, tarehe 9 au 10 Julai. Picha ya Legault ilikuwa ya kweli: mwezi ulikuwapo, na kamera iliupata. Lakini kama hiyo ndiyo "kuona", basi mwezi hauandami tena. Haupotei hata siku moja. Hakuna usiku wa shaka, hakuna kukamilisha thelathini kwa ajili ya mawingu, hakuna wazee ufukweni. Mtume (S.A.W.) alitufungamanisha na kuona, na kuona huko kulikuwa na mipaka ya macho ya watu. Wako wanaosema tufuate hesabu za falaki moja kwa moja, na hiyo ni hoja yenye watu wake na heshima yake. Wao angalau wanasema wazi kwamba ni hesabu. Mimi nilileta hesabu nikaiita jicho.

Hapo ndipo penye kosa langu, nami nililiona kupitia somo jingine kabisa. Tulikuwa tunasoma mustalah wa hadithi, mlango wa tadlis. Mpokezi amekutana na sheikh fulani, ila hadithi hii hakuisikia kwake. Kaisikia kwa mtu wa kati. Anaporiwaya anamruka yule wa kati na kutumia neno linaloweza kubeba maana mbili, "kutoka kwa fulani". Hakusema uongo. Kila neno lake lina njia ya kutokea. Lakini ameficha kiungo, na msikilizaji ameondoka akidhani mnyororo ni mfupi kuliko ulivyo. Wanavyuoni wa hadithi walilichukia jambo hili sana, wakaandika majina ya wanaolifanya, hata wapokezi wakubwa.

"Nimeuona, Maalim," lilikuwa neno la namna hiyo. Baina yangu na mwezi kulikuwa na sensa, prosesa na skrini, nami nikawaruka wote watatu. Kama ningesema, "Maalim, kamera inaonyesha kitu pale, mimi kwa macho yangu sikioni," ningekuwa mpokezi mwaminifu wa habari dhaifu. Wazee wangeipima kama wanavyopima habari zote. Pengine ingewasaidia kuelekeza macho mahali panapofaa, na mmoja wao angeuona kweli.

Nilimwendea Maalim baada ya Idi nikamweleza haya yote, tadlis na Samsung na kioo. Alisikiliza huku anafuta miwani yake kwa pindo la kanzu. Nikapata ujasiri, nikamuuliza: "Na wewe Maalim, si unatazama kwa vioo?"

Akacheka. "Na ndiyo maana mimi huwa situmwi kuutazama. Huenda kuwasikiliza wanaotazama."

Picha ya jioni ile ninayo. Nilibonyeza mara moja kabla ya kuteremsha kamera. Niliifungua kwenye kompyuta ya chuo, nikaikuza: kuna mstari mwepesi uliopinda, chini ya wingu, pale pale nilipomwonyesha Maalim. Nikaongeza ukolezaji wa mwanga na giza, mstari ukawa hilali safi kabisa. Moyo ukanidunda. Kisha, bila kujua kwa nini, nikapeleka picha upande wa kushoto, mbali na pale, nikakoleza vile vile. Pakatokea mistari miwili mingine iliyopinda, kwenye ukingo wa wingu, mizuri kama ule wa kwanza.

Sijaifuta. Imo kwenye kadi, kadi imo kwenye droo, nami kila nikiifungua natazama ule mstari wa katikati na kusema moyoni kwamba huo ulikuwa ndio wenyewe.